Meza Moja ya Viungo na Sigara: Shajara ya Mradi wa Kliniki ya Alhamisi, Tabora

Alhamisi, 9 Januari 2025

Leo tumeanza rasmi. Kwa miaka kadhaa kituo chetu cha afya hapa Manispaa ya Tabora kimekuwa na kliniki ya viungo kila Alhamisi, ambamo mimi, nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia, huwapokea walioteguka magoti, walioanguka na pikipiki na walioumia mabega kwa kubeba mizigo. Kwa miaka hiyohiyo muuguzi mwenzangu amekuwa akitoa ushauri wa kuacha sigara kila Jumanne, katika chumba cha mwisho wa korido, kwa watu wachache waliothubutu kuingia humo huku majirani zao wakiwatazama. Kuanzia leo kazi hizo mbili zinafanyika kwenye meza moja. Hatukuongezewa fungu la fedha wala mtumishi. Tumesogeza meza karibu na kitanda cha mazoezi, tumetundika pazia, tukanunua daftari gumu moja na tepu ya fundi cherehani.

Nieleze hapa mwanzoni kwa nini tumeamua hivyo, ili atakayelisoma daftari hili baadaye asidhani tumeunganisha mambo yasiyohusiana. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na hewa ya kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi hung'ang'ania chembe nyekundu za damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Kano, zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, na ligamenti, zinazofunga mfupa kwa mfupa, hupata damu kidogo hata kwa mtu asiyevuta, na kwa mvutaji hicho kidogo hupungua zaidi. Ndiyo maana mfupa wa mvutaji huchelewa kuunga, kidonda cha upasuaji wake huchelewa kufunga, na kano ya bega iliyochanika hushika kwa shida. Niliwahi kumfundisha mtu mazoezi kwa miezi minne bila kumuuliza kama anavuta, nikawa namlaumu moyoni kwamba hafanyi mazoezi nyumbani, na siku ya mwisho nikaiona pakiti ya sigara mfukoni mwa shati lake. Mtu yule sijamsahau.

Sababu ya pili ni ya ratiba, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Goti lililoumia linataka kuangaliwa mara kwa mara kwa wiki 6 hadi 12. Anayeacha sigara naye anataka kuangaliwa mara kwa mara katika kipindi hichohicho, kwa kuwa siku chache za kwanza ni nzito kuliko zote, na wengi huteleza ndani ya wiki 2 hadi 4 za mwanzo. Hakuna mtu atakayepanda baiskeli kutoka Kakola ili aje kuulizwa kama jana alivuta. Kwa ajili ya goti lake atakuja.

Kila mgonjwa, mwanamume kwa mwanamke, ataulizwa maswali matatu: kama anatumia tumbaku ya aina yoyote, iwe sigara, msokoto, kiko au ugoro, ya kwanza huitumia dakika ngapi baada ya kuamka, na kama aliwahi kuacha, alimudu kwa siku ngapi. Swali la pili lina uzito wa pekee, maana anayevuta ndani ya dakika 30 tangu kufungua macho ana utegemezi mkubwa hata kama hesabu yake ya siku ni ndogo.

Alhamisi, 16 Januari

Tumempokea kijana wa bodaboda, mkazi wa Ng'ambo, mwenye umri wa miaka 26. Aliteleza Jumatatu jioni baada ya mvua na pikipiki ikamlalia goti la kulia. Aliletwa na kaka yake. Aliweza kupiga hatua nne kwa kuchechemea, aliweza kulikunja goti hadi nyuzi 90, na hakusikia maumivu nilipobonyeza pia ya goti wala kichwa cha mfupa mwembamba wa nje, kwa hiyo sikuona haja ya kumpeleka eksirei. Ligamenti ya upande wa ndani imevutika, na huenda nyuzi zake chache zimechanika.

Tatizo kubwa tulilolikuta lilianzia nyumbani. Goti lilikuwa limekandwa kwa maji ya moto yenye chumvi, asubuhi na jioni, na shangazi yake ambaye nia yake ilikuwa njema kabisa, hadi uvimbe ukaifunika pia ya goti isionekane. Tunalikuta jambo hili karibu kila wiki. Siku 2 au 3 za mwanzo kiungo kilichoumia kinahitaji ubaridi: zile barafu za mifuko zinazouzwa mtaani, zikiviringishwa katika kipande cha kanga, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, mguu ukiwa umeinuliwa juu ya mto. Moto na kukandwa kwa nguvu huongeza damu inayovujia ndani. Goti lake bado lilikuwa na joto, kwa hiyo nimemwagiza ubaridi uendelee, na nimemwomba kaka yake amfikishie shangazi ujumbe huu kwa heshima, asije akaonekana ndiye aliyeharibu.

Anavuta sigara kumi kwa siku, anazinunua moja moja kijiweni, na ya kwanza huivuta kabla hajapiga mswaki. Aliniambia, "Dokta, nikivuta maumivu yanapoa." Sikumbishia. Nilimuuliza kama yalipoa pia kabla hajaumia goti, akanyamaza kidogo kisha akasema kwamba hata wakati huo alikuwa akijisikia vibaya hadi avute. Basi hapo muuguzi akamweleza kuwa kinachopoa ni ile hali ya mwili kudai nikotini, ambayo vijiweni huitwa arosto, na kwamba arosto hiyo imeletwa na sigara iliyotangulia. Amechagua Jumapili iwe siku yake ya kuacha, kwa sababu Jumapili kijiwe chao huwa na watu wachache.

Alhamisi, 23 Januari

Leo nimefanya kosa ambalo lazima liandikwe. Mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya reli, mtu mzima mwenye watoto, alikuja na kifundo cha mkono kilichovunjika miezi mitatu iliyopita ambacho kilifungwa hogo, yaani plasta ngumu, na bado hakijaunga. Nilimuuliza habari za sigara akiwa bado kwenye benchi, mbele ya foleni nzima, na alipokiri nikasema kwa sauti kuwa ndiyo maana mfupa wake umegoma. Alisimama, akachukua cheti chake na kuondoka bila kuhudumiwa. Watu walitazama chini.

Jioni tumekaa na kubadili utaratibu. Swali la tumbaku litaulizwa nyuma ya pazia tu, kwa sauti ileile tunayoulizia umri na presha, na wa kwanza kuuliza atakuwa muuguzi. Picha za mapafu meusi tulizokuwa tumezibandika ukutani nazo tumeziondoa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeishi mtaa mmoja na mchukuzi yule amekubali kumfuata nyumbani na kumfikishia salamu zangu za kuomba radhi.

Alhamisi, 30 Januari

Siku hii naiandika kwa kirefu.

Mzee wa miaka 61, mkulima wa tumbaku ya mvuke kutoka Wilaya ya Uyui. Mwishoni mwa Desemba alikuwa ndani ya bani, banda la kukaushia majani kwa moto, amesimama juu ya miti ya katikati akipandisha fito zilizoshonwa majani, mguu ukateleza, akajishika kwa mkono mmoja na bega la kushoto likachomoka. Kituo alichokimbilia kililirudisha bega mahali pake, lakini hakuna aliyemwambia akiufunga mkono kwa kitambaa aufunge kwa muda gani, wala ni lini aanze kuusogeza. Kwa hiyo familia iliufunga kifuani na kuuacha hivyohivyo hadi leo, zaidi ya mwezi mmoja, na sasa bega limekakamaa kiasi kwamba mkono haufiki usawa wa kidevu.

Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akauweka mkono wake mzima juu ya meza. Niliutazama mkono ule. Gundi nyeusi ya majani mabichi ilikuwa imeganda katika mikunjo ya vidole vyote, na kati ya kidole cha shahada na cha kati ilikuwepo alama nyingine, ya njano, ambayo haikuletwa na kazi. Muuguzi alipouliza, mzee alijibu bila kuficha kwamba huvuta majani yake mwenyewe, yale yasiyofaa kupelekwa sokoni, akiyasokota katika kipande cha gazeti, na kwamba ameanza hivyo tangu akiwa kijana wa kuchunga moto wa bani usiku.

Kisha akauliza yeye. "Mwanangu, hili jani ndilo lililosomesha watoto wangu watano. Leo mnaniambia ni sumu?"

Katika mkoa huu swali hilo halikwepeki, na sitaki yeyote kwenye meza yetu alikwepe. Mtu ambaye ada za shule, bati za nyumba na deni la mbolea katika chama cha msingi vyote vimepita katika marobota ya tumbaku hawezi kuambiwa kwamba maisha yake yote yalikuwa kosa, halafu tutegemee arudi Alhamisi ijayo. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na mkataba huohuo, katika Ibara ya 17, unazungumzia njia nyingine za kipato kwa wakulima. Kazi hiyo ni ya wakubwa wa nchi. Nilimjibu mzee kwamba sisi hatumuulizi habari ya jani lililomo ndani ya bani, tunamuuliza habari ya lile analolitia mdomoni, na kwamba la mdomoni halijawahi kumsomeshea mtoto hata mmoja. Alitafakari kwa muda mrefu. Hatimaye akasema, "Hapo umenena."

Nilimfundisha zoezi la kwanza: ainame, mkono mzima uegemee meza, mkono mgonjwa uning'inie wenyewe kama ndoo kwenye kamba ya kisima, kisha ayumbishe kiwiliwili taratibu ili mkono ufuate. Zoezi la pili ni la ukutani. Alisimama mbele ya ukuta akapandisha vidole kama buibui hadi maumivu yalipomzuia, nami nikachora mstari kwa chaki mahali vidole vilipoishia na kuandika tarehe pembeni. Sentimita 118 kutoka sakafuni. Siku ya kuacha msokoto ameomba apewe wiki moja afikirie, tukampa.

Alhamisi, 6 Februari

Habari ya dawa za kusaidia kuacha tumbaku. Vibandiko na bigijii za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na mwaka 2021 viliongezwa vidonge vya bupropioni na vareniklini. Mwongozo wa shirika hilo wa Julai 2024 kuhusu kuacha tumbaku unazitaja zote, pamoja na dawa nyingine iitwayo sitisini. Tumezunguka maduka ya dawa ya mjini hatukupata hata moja. Hata hivyo mwongozo huohuo unasema ushauri mfupi wa mtumishi wa afya, wa nusu dakika hadi dakika tatu, utolewe kwa kila mtumiaji wa tumbaku kama sehemu ya kawaida ya huduma, na huo tunao.

Kutokana na upungufu huo ndipo muuguzi alipopata wazo ambalo sasa ndilo moyo wa mradi. Arosto kali haidumu, hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, na mwili unaoshughulika huipunguza makali. Wagonjwa wetu kila mmoja tayari ana zoezi la kufanya mara kumi, mara tatu kwa siku, na wengi hulisahau. Basi tumeviunganisha: hamu ya sigara ikija, fanya zoezi lako la kiungo mara kumi kabla ya kuamua lolote. Kijana wa bodaboda anakaa juu ya kiti, ananyoosha goti, anakaza paja na kuhesabu hadi tano, anashusha. Tangu aanze, arosto ndiyo inayomkumbusha mazoezi.

Alhamisi, 20 Februari

Kijana wa bodaboda ameteleza. Siku 19 alikaa bila sigara, na siku ya 20 aligombana na mwenye pikipiki kuhusu hesabu ya wiki tatu ambazo hakufanya kazi, akavuta nne kwa usiku mmoja. Alikuja na aibu usoni. Tulimwonesha daftari: paja la kulia, ambalo mwanzoni mwa Februari lilikuwa pungufu kwa sentimita 3 nilipopima sentimita 10 juu ya pia ya goti, leo ni pungufu kwa sentimita 1 tu. Siku 19 hazikufutika. Amepanga siku mpya ya kuacha, iwe ya kwanza ya mwezi wa Ramadhani.

Alhamisi, 27 Februari

Mzee wa Uyui amerudi akiwa na wasiwasi. Amefikisha siku 13 bila msokoto, lakini Jumatatu na Jumanne alishikwa na kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika, akaamini kwamba mwili wake hauwezi kuishi bila moshi. Tulimuuliza alikuwa wapi siku hizo. Alikuwa shambani tangu alfajiri, akisaidia kuchuma kwa mkono wake mzima, majani yakiwa na umande, na shati lililomlowa alikaa nalo hadi saa nne.

Huo ni ugonjwa wa majani mabichi. Nikotini huyeyuka katika maji ya umande au mvua juu ya jani, ikapita kwenye ngozi na kuingia katika damu, na anayevuta kila siku mara nyingi haisikii kwa kuwa mwili wake umeizoea. Mzee alikuwa anayapoteza mazoea hayo. Tulimweleza kwamba kuumwa kwake kulitoka kwenye lile jani lenyewe, na tukamshauri asubiri umande ukauke, avae shati la mikono mirefu na glavu, abadili nguo ikilowa, na anawe kwa sabuni mara atokapo shambani. Alitikisa kichwa akasema kwamba wajukuu wake huchuma wakiwa vifua wazi. Muuguzi ameandika jambo hilo kwa wino mwekundu. Tumekubaliana kwamba wahudumu wa afya wa vijiji wapewe ujumbe huu kabla msimu huu wa kuchuma haujaisha, na kwamba watoto wasiguse kabisa majani yaliyolowa.

Alhamisi, 13 Machi

Ramadhani imetusaidia kuliko bango lolote. Wavutaji wanaofunga hukaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi, kwa hiyo wamekwisha jionea wenyewe kwamba saa 13 zinawezekana. Hatari yao ni ile sigara ya baada ya kufuturu. Tumewaomba watu sita waliojiandikisha wafuturu tende na maji, waende kuswali, kisha wafanye mazoezi ya kiungo kabla ya kukaa barazani na wenzao. Kijana wa bodaboda anasema kilichomsaidia zaidi ni kuhamia upande wa pili wa baraza, anakokaa mjomba wake asiyevuta.

Alhamisi, 20 Machi

Mchukuzi wa stesheni amerudi. Mhudumu wetu alimtembelea mara tatu. Nilimwomba radhi mimi mwenyewe, nyuma ya pazia, akanishika mkono kwa ule mzima. Eksirei mpya imeonesha kwamba mfupa hautaunga bila upasuaji, na daktari wa mifupa wa hospitali ya rufaa amempangia tarehe. Tumemweleza kwamba kuacha sigara angalau wiki 4 kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya kidonda kuoza na matatizo ya usingizi wa dawa, na kila wiki inayozidi hapo humfaa zaidi. Amehesabu kwa vidole. Ana wiki 5. Akasema, "Basi naanza leo, si kesho," akaitoa pakiti na kuiacha mezani ikiwa na sigara saba.

Alhamisi, 24 Aprili

Bibi wa miaka 70, magoti yote mawili yamechakaa, na anatumia ugoro. Kwa miaka mingi amekuwa akinunua vidonge vya maumivu dukani bila cheti na kuvimeza kabla ya kula, na sasa tumbo linamuunguza. Amekubali kupunguza vidonge, kutembea na mkongojo upande wa goti lenye nafuu, na kukaza mapaja kitandani kila asubuhi. Ugoro amesema tusubiri kwanza, na tumeheshimu neno lake. Jina lake limo katika orodha ya kuulizwa tena mwezi ujao.

Mchukuzi amefanyiwa upasuaji. Hakuvuta hata moja katika wiki zote 5.

Alhamisi, 29 Mei

Keshokutwa ni Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, na tumeombwa kutoa maneno machache katika mkutano wa kata. Muuguzi atazungumza habari ya majani mabichi na watoto. Mimi nitaonesha zoezi la goti na kueleza kuhusu maji ya moto.

Kijana wa bodaboda amerudi kazini tangu katikati ya Aprili. Baada ya Idi aliteleza tena kwa siku mbili, akaja mwenyewe bila kuitwa. Kwa siku mbaya anavuta moja au mbili, na bado hatujamfuta kwenye daftari wala hajajifuta.

Mzee wa Uyui alifika saa tatu asubuhi, akitoka kupeleka marobota yake sokoni. Tuliongea kidogo kuhusu madaraja ya tumbaku yake aliyopewa na klasifaya, yaani mpangaji wa madaraja hayo, ambayo hakuridhika nayo. Msokoto hajaugusa tangu katikati ya Februari. Alisimama mbele ya ukuta ambao sasa una mistari kumi na moja ya chaki, akapandisha vidole polepole, akaupita mstari wa wiki mbili zilizopita, akasimama akivuta pumzi, kisha akapandisha tena. Sentimita 171. Nilipotaka kuchora mstari alininyang'anya chaki, akauchora mwenyewe kwa mkono uleule wa kushoto, ukiwa umepinda kidogo, na kuniomba nimwandikie tarehe.